Jembe na Nyumba Kilburn

Adelina Kokushubila alikuwa mke wa mbunge kwa miaka saba, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na serikali duniani iliyolitambua jimbo la mumewe.

Jimbo lenyewe lilikuwa mji mdogo wa Ireland. Nitauita Dunmarra, kwa sababu wenyewe bado wako hai na hawapendi kuchekwa. Ireland ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1801, mji ule uliachiwa kiti kimoja katika Bunge la London. Wapiga kura wake wangeenea ndani ya kanisa moja na nafasi ikabaki. Nyumba zote zilikuwa mali ya familia moja ya makabaila, na mbunge naye alikuwa kama mali yao. Mara nyingi hata uchaguzi haukufanyika: jina moja linatajwa, la pili halitajwi, mtu anapita bila kupingwa na watu wanakwenda kunywa. Akitokea mpinzani, kila mpiga kura alipanda jukwaani akatamka kwa sauti anamtaka nani, huku wakala wa kabaila amesimama chini anasikiliza. Aliyetamka vibaya alijikuta nje na magodoro yake kabla ya mavuno. Kura ya siri ililetwa mwaka 1872. Watu wa Dunmarra hawakupata muda wa kuizoea, maana mwaka 1885 miji midogo ya namna yao ilifutiwa viti na kumezwa na majimbo makubwa ya mashamba.

Historia ya majimbo mengi ya aina hiyo huishia hapo. Ya Dunmarra ilihama. Vijana wa mji ule walikuja London kuchimba mitaro ya maji, ya gesi na ya reli, wakapanga vyumba Kilburn, na kila Jumapili ya kwanza ya Februari walikusanyika juu ya baa moja karibu na barabara kuu wakamchagua mbunge wao kana kwamba hakuna aliyewaambia habari za 1885. Mbunge huyo hakuwa na mshahara. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni kituo cha Euston wanaposhuka na treni inayowaleta abiria wa meli ya Ireland, kumtazama aliyelazwa, kusema na mwenye nyumba anayemtupia mpangaji vitu nje, na kumsafirisha maiti akazikwe kwao. Masharti yalikuwa mawili tu. Kura inapigwa kwa sauti, kama zamani, mbele ya watu. Na aliyechaguliwa haondoki London mpaka mwaka wake uishe.

Sharti hilo la pili ndilo lililomfunga Adelina.

Alikuja London mwaka 1966 kusomea uuguzi, binti wa Kihaya kutoka upande wa Kanyigo, akiwa na sweta mbili na nia ya kurudi baada ya miaka mitatu. Mwaka huohuo walimletea wodini Mick Tuohy, mchimba mitaro aliyeangukiwa na ukuta wa udongo, mguu umevunjika sehemu mbili. Mick alimwambia kuwa mguu ukipona atamfuata popote. Ukapona. Wakafunga ndoa katika parokia ya Kilburn, akazaliwa Placida, na Mick akachaguliwa mbunge. "Mwaka mmoja tu, Lina," alisema. Mwaka uliofuata akapita bila kupingwa. Na uliofuata. Juu ya kabati lao la nguo palikuwa na masanduku mawili ya safari ambayo Adelina aliyapangusa vumbi kila Jumamosi, na ukienda kumtembelea ulihisi kuwa umewakuta watu wanaosubiri teksi.

Mimi niliwafahamu majira ya baridi ya 1974, nilipokuwa nimepanga chumba mtaa wa pili nikisubiri viza ya nchi nyingine. Hali haikuwa nzuri. Baada ya mabomu ya Birmingham ya Novemba, waliyodaiwa kuyatega wapiganaji wa Ireland, Waairishi wa Kilburn walizungumza kwa sauti ya chini ndani ya basi, na wengine walinyamaza kabisa mpaka washuke. Adelina alinyamaza nao. "Nimeolewa na lafudhi," aliniambia. "Yeye akifungua mdomo dukani, watu wananitazama mimi pia."

Januari ilimfikia habari kwamba hospitali moja ya misheni karibu na Bukoba inamtaka awe mkuu wa wodi ya wazazi. Nafasi ingemngoja mpaka Pasaka, halafu angepewa mwingine. Alimwambia Mick asubuhi, wakati wa chai, mbele ya Laurean na mimi. Laurean alikuwa karani wa kampuni ya bima, Mhaya mwenzake, na kila Jumamosi alikuja pale kula ndizi ambazo Adelina alizifuata mbali mpaka Tooting, kwenye duka la Wahindi waliotoka Kampala.

Mick alikoroga chai yake. "Uchaguzi uko wiki mbili zijazo," alisema.

"Usigombee."

"Sigombei, Lina. Sijawahi kugombea. Wananitaja tu."

"Basi nitakupinga."

Mick alicheka mpaka akamwaga chai. Alipoona kwamba yeye peke yake ndiye anayecheka, aliipangusa meza kwa kiganja. "Mke wa Dunmarra ni mtu wa Dunmarra," alisema. "Hakuna sheria ya kukuzuia. Ukishinda, unamwachia mwingine kiti siku hiyohiyo na tunaondoka kabla ya Pasaka, nami nakubebea masanduku. Nikishinda mimi, mwaka mmoja tena."

"Mmoja kama ule wa saba?"

"Lina."

"Haya. Nimekubali."

Mick alipotoka kwenda kazini, Laurean aliinamia meza. "Dada, utashindwa vibaya. Nani atasimama mbele ya Mick amwambie usoni kuwa hamtaki? Amewazikia baba zao."

"Ndiyo maana hawatasimama," alisema Adelina.

Jioni ile alikwenda kumwona Mzee Hanratty, msimamizi wa uchaguzi, fundi viatu mstaafu aliyekuwa na pafu moja zima na maoni mengi. Nilimsindikiza. Adelina alidai kura ya siri.

"Sista," alisema Hanratty, kwani wote walimwita hivyo kwa sababu ya uuguzi, "tumepiga kura kwa sauti tangu enzi za babu yangu."

"Na babu yako alifukuzwa katika nyumba yake kwa sababu ya sauti hiyo. Umenisimulia mwenyewe, ukilia, na nilikuwa nimekushikia beseni."

Mzee alikohoa. "Wapo wasiojua kusoma. Wapo wanaojua lakini hawana miwani. Watayaonaje majina?"

"Kwetu mzee asiyejua hata herufi moja anaingia nyuma ya pazia peke yake na anatoka amechagua. Tunaweka picha. Mgombea mmoja jembe, mwingine nyumba. Unatia alama chini ya picha yako, basi."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mwaka 1965, kabla hajaondoka, Adelina aliuona uchaguzi wa kwanza wa Tanzania ya chama kimoja: wagombea wawili wa TANU kila jimbo, mmoja kapewa jembe, mwingine nyumba. Mjomba wake alipewa nyumba. Alikuwa mtu msomi, mwenye suti na hotuba, lakini alipigwa vibaya na mtu wa jembe ambaye hotuba yake nzima ilikuwa kwamba jembe ndilo linalotulisha. Familia ililizungumza jambo hilo mwaka mzima. Adelina alikuja Ulaya akiwa na hakika moja ya siasa: penye watu wa kazi, jembe halishindwi.

Kwa hiyo Hanratty alipokubali na kuuliza nani anachukua picha ipi, Adelina alisema haraka, kabla Mick hajaulizwa, "Jembe langu." Na tuliporudi barabarani alinishika mkono. "Umewaona wanaume wa Dunmarra, ndugu yangu? Wote ni wachimbaji. Wote! Mick kwisha habari yake."

Laurean naye, aliposikia, alipiga meza. "Dada, umeshinda! Anza kufunga mizigo."

Alianza kweli. Siku ya uchaguzi nilikuta masanduku yako chini, yamefunguliwa, na Placida ameketi ndani ya moja akiuliza kwa Kiingereza kama Bukoba kuna televisheni. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba kuna ziwa.

Ukumbi wa juu ya baa ulikuwa na harufu ya makoti yaliyolowa. Kwenye jukwaa palikuwa na kiti kikubwa cha mti mgumu ambacho mshindi hukalishwa juu yake akashukuru, na karibu na dirisha Hanratty aliweka kopo la biskuti lililotobolewa kifuniko. Pazia la stoo ndilo lililokuwa chumba cha siri. Adelina alikuwa amechora karatasi zote kwa mkono wake, na jembe lake lilikuwa zuri, lenye mpini ulionyooka, la kulimia migombani.

Watu waliingia mmoja mmoja. Wengine walitoka nyuma ya pazia wakitabasamu kama watoto waliofanya utundu. Mtu mmoja mnene, Coyle, alitokeza kichwa na kuuliza, "Kabaila hayupo?" Ukumbi mzima ukacheka. Mick alisimama pembeni na glasi ya bia ambayo hakuigusa. Adelina alizunguka akisalimia, amevaa kitenge juu ya koti, anauliza hali ya mgongo wa huyu na kifua cha yule, na nilidhani, nilivyoona wanavyomshika mikono, kwamba Laurean alisema kweli.

Hanratty alimwaga karatasi mezani, akazigawa mafungu mawili. Fungu la nyumba lilipanda mpaka likaanza kuteleza. La jembe lilibaki chini, kama vile mtu amesahau kulimalizia.

Adelina aliyatazama mafungu yale. Halafu akamgeukia Coyle, aliyekuwa karibu. "Wewe nilikuuguza nimonia."

"Ndiyo, Sista. Mungu akubariki."

"Ukanipigia kura?"

Coyle aliona haya. Alikuna shingo. "Sista, nitakwambia kweli. Jumatatu mpaka Jumamosi nalitazama hilo dude. Nalishika, naota nalo. Leo Jumapili nimenyoa ndevu, nimevaa tai, nimeingia nyuma ya pazia, nalikuta linaningoja!"

"Lakini jembe ndilo linalokulisha!"

"Linanilisha, ndiyo. Halafu nalala chumba kimoja na watu wanne." Alitazama chini. "Nyumba sijapata kuwa nayo maisha yangu yote. Nikasema basi leo angalau niitie alama."

Wengine waliokuwa nyuma yake waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema hata hakukumbuka nyumba ni ya nani, aliipenda tu, ilikuwa na moshi juu ya paa. Laurean alikuwa anasoma tangazo la mbio za mbwa ukutani kwa makini sana.

"Mshindi," alisema Hanratty, "Michael Tuohy, mbunge wa Dunmarra, mara ya nane." Watu walipiga makofi, wakamsukuma Mick mpaka jukwaani. Adelina alifunga kitenge chake upya kiunoni. Hakulia. Alikuwa na uso ule wa wauguzi wakati daktari anaposema jambo ambalo wao walikwisha kulijua.

Mick alifika mbele ya kiti akasimama. Watu walingoja. Alikitazama kiti, akamtazama mkewe, akaendelea kusimama.

"Kaa, Mick!" mtu alipiga kelele. "Bia inapata joto!"

"Sikai," alisema Mick.

"Umechaguliwa!"

"Nimesikia. Coyle kachagua chumba cha kulala. Mimi hakunichagua." Sauti yake haikuwa ya hotuba. Alizungumza kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. "Nimempa mke wangu ahadi saba. Ya nane sina uso wa kuitoa. Sikai."

Zikaanza kelele. Wengine walisema uchaguzi urudiwe, wengine walisema jembe lipewe ushindi, na mmoja alitaka kupigana ingawa hakujua na nani. Mzee Hanratty aligonga meza kwa kiatu.

"Nyamazeni, mbumbumbu ninyi! Mwaka 1918 baba yangu alimpigia kura mtu aliyekuwa jela. Alishinda. Wenzake kadha wa kadha wa chama cha kudai uhuru wa Ireland walishinda, nchi nzima, na hakuna hata mmoja aliyekuja London kukaa katika Bunge la Waingereza. Je, hawakuwa wabunge?"

"Walikuwa!" ukumbi uliitikia.

"Asiyekaa, ni mbunge au si mbunge?"

"Ni mbunge!"

"Basi tatizo ni nini? Kwetu sisi, mbunge asiyekaa ndiye mbunge hasa. Mick ni mbunge wa Dunmarra hata akiwa..." Alimgeukia Adelina. "Sista, kunaitwaje?"

"Bukoba."

"Hata akiwa huko. Na sharti la kutoondoka London ni la anayekaa. Huyu hakai. Coyle, wewe utapokea wageni Euston."

"Mimi?"

"Una miguu miwili."

Walishangilia kuliko walivyoshangilia matokeo. Mick alishuka jukwaani, uso umemwiva, akanyoosha mkono kwa mkewe. Adelina hakuushika mara moja.

"Lini?" aliuliza.

"Kabla ya Pasaka, si tulikubaliana?"

"Nimesikia Pasaka. Nauliza tarehe."

"Lina, watu wanatutazama."

"Ndivyo ninavyotaka. Hapa watu hutamka kwa sauti, mbele ya mashahidi. Tamka."

Mick aliwatazama watu wa Dunmarra, na watu wa Dunmarra wakamtazama yeye, bia mkononi.

"Tarehe kumi na tano Machi," alisema.

"Hawajasikia wa nyuma," alisema Adelina.

Akaitamka tena.