Darasa Lililosoma Kama Redio

Mwaka ule nilikuwa nimetoka fomu foo juzi tu, na nilijiona nimefika. Shule zilikuwa nyingi kuliko walimu, kwa hivyo watu kama mimi, ambao hatukuwa tumeona mlango wa chuo, tulipewa barua ya kazi ya mwaka mmoja na boksi ya chaki. Nilipelekwa shule moja chini ya Othaya, upande wa kahawa. Nilikuwa nataka darasa la saba. Nikapewa la kwanza, na mimi nikaona ni kazi ya kupangusa watoto makamasi.

Lakini uvivu sikuwa nao. Kila asubuhi nilishika fimbo, nikaonyesha neno kwenye kitabu chetu cha Kikuyu, nikasema, watoto wakasema nyuma yangu. Mstari kwa mstari, mpaka wakaweza kusema kitabu yote bila mimi. Watu waliokuwa wakipeleka maziwa walisimama barabarani kusikiza. Kwenye daftari yangu niliandika: "Wanasoma wote. Hii kazi si ngumu vile watu husema."

Mwezi wa saba inspekta akaja. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na kabuti yake hakuivua. Watoto wakamsomea ukurasa wa mbuzi kwa sauti moja. Akainuka, akaenda kwa kasichana kadogo kalikokaa mbele, akakageuzia kitabu juu chini. Kasichana kakaendelea kusoma. Akafungua ukurasa wa mvua. Kasichana kakaendelea na mbuzi. Akafunga kitabu kabisa, akakiweka kwapani, na mbuzi akaendelea kula majani mpaka mwisho.

Alinitoa nje.

"Mwalimu, hawa hawasomi. Hawa wanaimba."

"Lakini bwana inspekta, hawajakosea hata neno moja."

"Ndiyo maana nimejua." Akavaa kofia. "Barua yako inaisha Desemba. Kuna kozi ya walimu wa darasa la kwanza Nyeri, likizo ya Agosti. Enda. Nitarudi kabla shule zifungwe, na nitakuja na kitabu hawajawahi kuona. Wakikisoma, nitaandika upewe barua ingine. Wasiposoma, utarudi kwenu ukachume kahawa."

Madirisha ya ofisi ya walimu hayakuwa na vioo, kwa hivyo walikuwa wamesikia yote. Mzee wa darasa la saba, mwalimu ambaye alikuwa ananitania tangu nifike, alinipokea mlangoni.

"Ati darasa ya redio! Ukifungulia inasema, ukizima inanyamaza. Na betri ni nani? Ni wewe!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaambia mama na kijiji chote kwamba watoto wangu wanasoma.

Nilienda kozi nikiwa na hasira. Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja wa Mukurweini, mnene, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekaa na darasa la kwanza miaka mingi kwa kupenda kwake. Siku ya kwanza alichora alama za ajabu ubaoni, vitu kama miguu ya kuku, akasoma kwa haraka akituonyesha na fimbo, akatuambia tusome nyuma yake. Tukasoma. Mara ya tatu tulikuwa tunanguruma kama kanisa. Halafu akamwita mbele mzee mmoja wa Kangari, mwenye mvi, aliyekuwa akinguruma kutushinda wote.

"Soma hii peke yake, baba," alimwambia, akiweka kidole kwenye alama moja ya katikati.

Mzee akaangalia ile alama. Akaangalia dirisha.

"Sasa mama," alisema, "mimi nilikuwa nafuata mdomo ya jirani."

"Na jirani?"

Jirani nilikuwa mimi. Nikasema ukweli, kwamba mimi nilikuwa nafuata yeye.

Kicheko kilichotoka hapo kilifika jikoni ya chuo. Lakini yule mama hakucheka sana. Alisema, "Basi hivyo ndivyo watoto wenu wako kila siku. Wananusurika kwa mdomo wa jirani." Usiku ule sikuandika kitu kwenye daftari. Nilikuwa naona uso wa kasichana kale ka mbele.

Kwa wiki mbili alitufundisha kusikiliza sauti kabla ya kuonyesha herufi, kuunganisha sauti mbili mbili, kumpa kila mtoto neno lake ashike kwa mkono. Tulikata katoni za sabuni tukaandika kadi mpaka vidole vikauma. Nilimwuliza itachukua siku ngapi. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ndama anayeruka ruka.

"Wewe una haraka. Tafuta kitu mikono yao inajua tayari, uanzie hapo. Mimi kwangu nilitumia ndizi. Kwenu sijui."

Septemba nilirudi, na haraka yangu nikarudi nayo. Niliwamwagia sauti zote, kadi zote, kwa wiki moja. Watoto walichanganyikiwa, wawili wakalia, na waliobaki wakaanza kukariri kadi vile walikariri kitabu. Mwalimu wa darasa la saba alipita dirishani akauliza kama redio imeshika stesheni. Nilitupa zile kadi ndani ya debe. Desemba nilikuwa naiona pale mbele kama ukuta.

Oktoba kahawa ikaiva, na kwa sababu kwetu hakukuwa mbali na shule, jioni moja mama alinituma fakitori ya kahawa na gunia letu. Pale fakitori kila mtu humwaga kahawa yake chini juu ya magunia, achague: nyekundu huku, mbichi huku, iliyokauka huku, kwa sababu karani akiona mbichi moja kati ya nyekundu anakurudisha nyuma ya laini. Mbele yangu kalikuwa kale kasichana kangu ka mbele darasani, na mama yake. Mikono ya kasichana ilikuwa inaruka kama ya mtu anayepiga kinanda, na macho yake hata hayakuwa pale, yalikuwa kwangu.

"Mwarimu," aliniambia, "yako iko na mbichi mingi."

Nilisimama pale na gunia langu kama mjinga. Huyu mtoto nilikuwa nimemwona mzito wa kichwa.

Kesho yake nilitandika magunia kwenye sakafu ya darasa, nikatoa kadi zote kwa debe nikazimwaga katikati. "Leo tuko fakitori," nikasema. "Maneno yanayoanza na sauti moja, pamoja. Yale unajua kusoma ni nyekundu. Yale hujui, weka kwa mbichi, na hakuna kuchapwa."

Waliangalia magunia kwanza. Halafu wakarukia. Kwa mara ya kwanza tangu Januari kila mtoto alikuwa anaangalia neno lake, si mdomo wa mwingine. Kijana mmoja mkubwa, ambaye alikuwa amerudia darasa la kwanza mara mbili, aliinua mkono akiwa amekasirika kabisa.

"Mwarimu, kahawa ikitoka kwa mti haiivi tena."

"Hii yetu inaiva."

"Uongo!"

"Rudi kwa mbichi kesho uangalie."

Kesho yake akarudi. Akachukua kadi ya neno *iria*, yaani maziwa, akaiunganisha polepole mara mbili, halafu akapiga kelele kama mtu aliyeumwa na siafu. Ilikuwa imeiva. Tangu siku hiyo walikuwa wanafika kabla yangu, wanakaa mlangoni na baridi, wanangoja fakitori ifunguliwe. Rundo la mbichi likawa linapungua kila wiki, na mimi, mtu wa haraka, nikajifunza kukaa chini na kungoja mtoto mmoja amalize neno moja.

Inspekta alikuja Novemba, siku ya mvua. Kitabu alichotoa kwa mfuko kilikuwa kipya mpaka kinanuka. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, na nyuma yake yule mzee wa darasa la saba. Inspekta alifungua katikati, akampa kijana mkubwa.

Kijana akasoma. Si kwa kuimba. Alienda kama mtu anavuka mto kwa mawe, akakanyaga hapa, akapima pale. Neno la tano likamshinda. Akasema, "Hii bado mbichi," akaliruka, akamaliza mstari, akarudi, akalisoma.

"Mbichi ni nini?" inspekta akauliza.

Darasa yote ikamweleza kwa pamoja, huyu anavuta kabuti, huyu anamwonyesha magunia. Akachukua kitabu akampa mwingine, na mwingine, ukurasa tofauti kila mara. Kasichana ka mbele kalisoma kurasa mbili kakakataa kurudisha.

Inspekta alivua kofia. Kabuti pia akavua.

"Mwalimu, barua utapata," alisema. "Na Aprili utakuja kozi. Si kukaa na wanafunzi. Utakuja ufundishe wenzako hii fakitori."

Mzee wa darasa la saba alikohoa pale mlangoni. "Nipe hizo gunia siku moja," akaniambia. "Hata la saba kuna redio."

Inspekta alifika kwa gari yake, akarudi mbio kwenye mvua. Alikuwa amesahau kitabu. Alipochungulia ndani alikuta vichwa vyote vimerundikana juu yake sakafuni, vidole vinagombana, mmoja anapigia wengine kelele wasigeuze ukurasa kabla hajamaliza. Hakuna aliyeinua macho. Alisimama kidogo, maji yanamtiririka, halafu akaniashiria niwaache nacho, akaenda zake.