Mayaka na Boti za Rehobothi

Kaka yangu Mayaka hakujua kuogelea. Sisi ni watu wa milima. Wazazi wetu walitoka Kisii wakahamia Migori kuuza ndizi, na maji tuliyoyajua utotoni ni ya kisima. Mayaka ndiye aliyezifikisha ndizi zetu Homa Bay, ambako akina mama wa visiwani walizinunua ili wavuke nazo hadi Takawiri na Mfangano. Aliwaona wakibebwa mgongoni na vijana kutoka ufuoni hadi kwenye mitumbwi ya wavuvi, kisha wakikaa juu ya nyavu zilizolowa. Jambo hilo lilimkera kuliko lilivyowakera wenyewe. Mwaka wa 1991 alinunua boti kuukuu, akaiwekea turubai na mabenchi, na ubao mpana ili kila mama apande kwa miguu yake.

Wabebaji walimcheka. "Mkisii na ziwa wapi na wapi? Unafikiri ndizi huota majini?"

"Hazioti majini," Mayaka akasema, "lakini wanaozila wanakaa ng'ambo. Nani kati yenu anajua injini?"

Wawili walijua. Akawaajiri siku hiyo hiyo.

Boti aliiita Rehobothi, jina la kisima katika Biblia, kwa kuwa Bwana ametupa nafasi. Baada ya miaka miwili ikaja ya pili, ya kwenda Mbita. Ya tatu ilikuwa kubwa, yenye viti vya kuegemea na jaketi za kuelea, nayo ilichukua hata wageni waliotaka kuzunguka visiwa na kutazama ndege. Siku za Jumamosi zote zilifungwa gatini, maana sisi ni Wasabato.

"Mayaka, kwani Mungu wako hapandi boti?" akina mama walimtania.

"Hupanda siku sita," aliwajibu. "Ya saba anapumzika nami."

Halafu magugu maji yakaja. Mwanzoni yalikuwa mafungu madogo yenye maua ya zambarau, na watoto waliyachuma. Kufikia mwaka wa 1997 ghuba yote ilikuwa kijani kama malisho. Injini zilisongwa, na safari ya saa moja ikawa ya kutwa nzima. Boti mbili zikaachwa zioze ufuoni. Mayaka alibaki na ile kubwa tu, na kila asubuhi mimi na mama yetu, Kemuma, tuliokuwa tumehamia kwake Homa Bay, tuliomba upepo uyasukume magugu yale. Ukivuma, yaliondoka kwetu yakaenda kuwafungia wengine. Sikujua tena niombe nini.

Siku moja ile boti kubwa ilinaswa karibu kabisa na gati, imejaa watu. Tuliziona nyuso zao. Jua likapanda, maji ya kunywa yakawaishia, na watoto wakaanza kulia. Kufikia saa nane Mayaka, aliyekuwa gatini nasi, hakuweza kuvumilia. Alilaza mbao juu ya magugu, moja mbele ya nyingine, akachukua mtungi wa maji begani. Dereva wa boti, mmoja wa wale wabebaji wa zamani, alipiga kelele kutoka botini, "Rudi, mdosi! Hapo chini hakuna ardhi!" Aliyezaliwa ziwani asingekanyaga pale. Kaka yangu aliona kijani, na miguu yake ilijua kijani cha nyumbani.

Alikuwa amefika katikati magugu yalipopasuka. Hakupiga hata ukelele. Yalijifunga juu yake, na mtungi ukabaki ukielea. Jioni upepo ukavuma na abiria wote wakashuka salama. Namwamini Mungu, lakini upepo ule sijauelewa hadi leo.

Mwenyekiti wa wavuvi, mzee Ogweno, alimjia mama kabla giza halijaingia. Mama hakujua Dholuo, naye hakujua Ekegusii, kwa hiyo walizungumza Kiswahili.

"Min Mayaka," akamwita, yaani mama Mayaka, "mtoto wako akiwa ndani ya maji, hakuna wavu utaingia. Hapa kwetu ni hivyo. Tutamtafuta mpaka apatikane, au mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Walimtafuta kwa miti mirefu, wakidunga chini ya magugu. Mjomba wetu Ondieki akafika kutoka Migori kwa pikapu, na jeneza limefungwa nyuma. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa nyumbani. Siku zikapita. Nyavu zilitundikwa kavu, na wanawake waliouza omena, dagaa wa ziwani, walikaa mbele ya mikeka mitupu. Hakuna aliyetulalamikia.

"Tusiwaruhusu kuvua," mjomba alisema. "Tukisema basi, tumemtupa."

Siku hiyo mke wa Ogweno alituletea chakula, kama kila siku. Ugali na chumvi. Mama aliutazama, kisha akamuuliza, "Na watoto wako wamekula nini?"

"Wamekula hicho hicho, mama."

Mama alinawa mikono lakini hakula. Alisimama akashika njia ya ufuoni, nami nikamfuata.

"Mzee," alimwambia Ogweno, "waambie waingie kuvua."

Ogweno alivua kofia. "Sema mbele yao, min Mayaka, nisije nikalaumiwa."

Wavuvi wakaitwa. Nikataka kumsemea, kwa maana Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo, akanisukuma kando. "Nyamoita, nyamaza. Mimi ndiye nilimzaa." Kisha akawageukia. "Ingieni kwa maji. Watoto wale. Mkimpata wangu, mniletee. Mkikosa, Mungu anajua mahali amemweka."

Waliteremsha nyavu polepole, kama watu wanaoiba, na mitumbwi ikaondoka. Mama alisimama mpaka wa mwisho ulipotoweka. Hapo ndipo nilipomsikia akilia kwa mara ya kwanza.

Tulirudi Migori na jeneza tupu, mama mbele na dereva wa pikapu, mimi na mjomba tukilishikilia nyuma lisiruke. Tulipopita Rangwe ilikuwa siku ya soko. Watu waliona jeneza wakasimama kando ya barabara, wanaume wakavua kofia, mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Hawakujua kwamba hamna mtu ndani. Mama alitoa mkono dirishani akawapungia, kuwashukuru.