Saruji Mbichi Mekoni

Silvester wa Nyololo alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kusema. Alipopigiwa simu kwamba binti yake Faustina amejifungua salama, badala ya kushangilia alikwenda moja kwa moja sebuleni kukagua meko ya kuotea moto. Pale mbele ya moto ndipo mkewe, Lusia, angemkanda mzazi na kumwogesha mtoto, na sakafu yake ya zege ilikuwa imechimbika, kokoto zimechomoza. Beseni la maji ya moto likiyumba hapo, itakuwaje?

"Presha itakuua wewe," Lusia alimcheka.

Silvester alichuchumaa mekoni. Alibandua vipande vilivyolegea kwa patasi, akafagia vumbi lote, akalowesha, akaziba mashimo kwa saruji na mchanga aliouchekecha. Kisha akapiga niru, uji wa saruji tupu wa kulainisha juu, mwiko ukienda na kurudi, mpaka sakafu ikawa laini kama sahani.

"Asiwashe mtu moto hapa mpaka ikauke kabisa," akaonya. "Zege bichi likipata moto linapasuka na kurusha vipande. Na usoni mwa mtoto!"

Hofu haikuishia hapo. Aliingia chumba cha mzazi akaziba kwa matambara kila upenyo wa dirisha, baridi isipite. Kazi safi, akajisifu.

Basi hospitali ikamruhusu Faustina mapema. Kesho yake mchana, huyo mlangoni na mtoto wake wa kike ndani ya blanketi, na ukungu umetanda uani hata choo hakionekani.

"Tuwashe kidogo tu, Baba Faustina," Lusia alibembeleza.

"Thubutu!" Akatoka kwenda kupasua kuni nyuma ya nyumba.

Aliporudi, meko yalikuwa baridi. Afadhali. Akamkuta Lusia kwenye banda la kupikia uani anakoroga uji kwa kuni, lakini jiko la mkaa halikuwepo mahali pake.

"Liko wapi?"

"Nimewapelekea chumbani wapate joto. Mkaa umekolea, hauna moshi. Wamelala, nimewafungia mlango."

"Hewa ya mkaa ni sumu!" Alikimbia. "Faustina! Faustina, mwanangu!" Kimya. Mlango ulikuwa mzito kwa gunia lililosukumizwa chini yake, akaupiga bega. Faustina alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, hamjui anayemwita. Mtoto kifuani pake alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Mvute mama yake nje!" Silvester alimpigia kelele Lusia aliyemfuata mbio, akamnyakua mtoto na kutoka naye uani. Mungu wangu, yale matambara! Ni mimi, ni mimi niliyeziba. Akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. "Lia, mama'ngu. Lia basi. Nakuomba ulie."

Nyuma yake alimsikia Faustina akitapika barazani, na jirani aliyesikia kelele akiwasha gari la kuwapeleka zahanati. Mtoto bado kimya. Silvester alimpuliza usoni, akamsugua nyayo, akamwita tena.

Kisha kikatoka kilio, chembamba, cha hasira.

Lusia alikuja mbio na blanketi, machozi yanamtiririka. "Mfunike, Baba Faustina! Baridi hiyo itamuua!"

Silvester alimkumbatia mtoto ndani ya koti lake.

"Mle ndani alikuwa na joto," alisema, "na alikuwa halii."