Hasira za Mama Mdogo

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be. Likizo moja nilichukuliwa kuwa mkalimani wa mtafiti wa saikolojia, mwanamke Mfaransa aliyekuja kupima hasira za wanawake. Alisoma maswali kwa Kifaransa, nami nikayauliza kwa Kimalagasi.

Katika kijiji cha Marodoka, kisiwani humo humo, tulianza na mama yangu mdogo.

"Je, nyumbani hamgombani kamwe, au mnagombana mara chache, mara nyingi, au daima?"

"Ningesema daima," akajibu, "ila wa daima ni Mungu peke yake. Andika mara nyingi."

Mumewe akakohoa chumba cha pili. Mama mdogo akapaza sauti, na majibu yaliyofuata yote yakawa makali zaidi. Mtafiti alifurahi sana.

Baada ya wiki tatu tulivuka bahari kwenda mji wa Mahajanga, kulinganisha wanawake wa huko na wa kwetu. Nyumba ya nne, namkuta nani? Mama mdogo yule yule, kaja harusini kwa dadake, hina mpaka kwenye nyayo. Kabla sijasema neno alikwisha kukaa kitini.

"Niulize tena, mwanangu. Mambo yamebadilika."

Kweli yalibadilika. Hagombani na mtu. Analala fofofo.

Tulipotoka nje nikasema, "Madamu, huyu tulimhoji Nosy Be."

"Fomu hazina majina," akanijibu. "Kanuni zinatukataza kujua nani ni nani."

"Lakini ni mama yangu mdogo!"

"Hilo ungenisaidia kwa kutoniambia."

Niliona haya kubishana na mtu aliyesoma kiasi kile, nikaenda kubisha hodi nyumba ya tano.

Siku ya kuagana mtafiti aliwakusanya wanawake uani kwa dadake mama mdogo, akawaeleza alichogundua: wanawake wa Mahajanga kwa tabia yao ni wapole kuliko wa Nosy Be. Labda ni upepo wa bahari.

"Upepo gani?" akasema mama mdogo. "Mume wangu si amebaki Marodoka?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtafiti akaniuliza wanasemaje.

"Wanakubali," nikasema, naye akaandika.

Jioni ile mama mdogo alinikalisha nimwandikie mumewe barua: mtaalamu wa Ulaya amethibitisha kwamba hewa ya Mahajanga inamfaa, hivyo asimtarajie upesi. Alikaa miezi miwili. Mumewe alipokuja kumchukua, walianza kugombana palepale mlangoni, lakini mtafiti alikwisha kurudi kwao na hapakuwa na mtu wa kupima.