Likizo ya Mwisho kwa Bibi Bustani

Watoto walimwita Bibi Bustani. Kwa miaka kumi na tisa, kila likizo ndefu, aliwapokea asubuhi kwenye shamba lake dogo pembeni mwa mji, akawafundisha kupanda, kupalilia na kupika walichovuna. Jioni walirudi kwao na matope magotini.

Mwaka huu maji ya kisima yaliingia chumvi. Maharage waliyopanda watoto hayakuota hata moja, na yeye hakuwa na ubavu wa kuwaambia. Siku ya nane tangu wapande, alinunua miche ya maharage kwa muuza miche wa barabarani, akaichomeka kwenye matuta kabla hawajafika.

Walipoiona walirukaruka. Lakini msichana mmoja mpole aliung'oa wake taratibu, akakuta mizizi bado imebanwa na kipande cha mfuko wa plastiki.

"Bibi, huu si wangu. Wangu uko wapi?"

"Wako haukuota, mjukuu wangu. Udongo umeharibika."

"Udongo utapona lini?"

Bibi Bustani aliuchukua ule mche, akauchomeka tena tutani.

Kufikia Ijumaa miche yote ilikuwa imenyauka. Wazazi walipokwisha kuwachukua watoto wao, alimpigia simu mdogo wake, ambaye siku zote alimsihi auze shamba kwa mfyatua matofali.

"Mwambie yule mtu wako wa matofali aje aone kiwanja."

"Makubwa! Leo jua limechomoza magharibi, dada?"

Mdogo wake alicheka peke yake.