Farasi Sitini na Tatu Wasiokuwepo

Niseme kosa langu kwanza, kabla sijapata nafasi ya kulipamba: nilidanganya namba. Niliandika uongo kwenye kompyuta, karatasi ikatoka, watu wakaiamini, na leo dada yangu wa tumbo moja anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Jina langu usilitafute. Mwanza ni mji mdogo kwa watu wa magari, na tunaofanya kazi kama hii hatuzidi vidole vya mkono mmoja. Jua tu kwamba mimi ni fundi wa kuseti injini za turbo, niko gereji moja upande wa Igogo, na mashine ninayoitumia tunaiita daino.

Daino ni hivi. Gari linapanda, matairi yanakaa juu ya rola, tunalifunga kwa mikanda lisiruke, halafu unakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linanguruma bila kwenda popote. Rola zinapima nguvu, kompyuta inachora mstari, na mwisho unapata namba moja: farasi wangapi, maana nguvu za injini tunazihesabu kwa farasi, wanafika kwenye matairi.

Namba hiyo, ndugu yangu, kuna wanaume wanaipenda kuliko picha za harusi zao!

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu limekaa hapa. Mwanza iko juu. Ziwa linatufanya tujione tuko pwani, lakini hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar. Kwa hiyo kompyuta inakuuliza hewa ya siku hiyo ikoje, halafu inaongeza namba kidogo, ili gari la huku lilinganishwe kwa haki na gari lililopimwa pwani. Kwa injini ya kawaida ni sawa. Lakini injini yenye turbo inajisukumia hewa yenyewe, haistahili nyongeza yote hiyo. Fundi mwaminifu anaiondoa au anaipunguza sana. Mimi hilo nalijua kama ninavyoijua Baba Yetu.

Kifaa cha kupima hewa cha daino yetu kilikufa zamani. Hewa naiandika mwenyewe kwa vidole, kwenye kisanduku kidogo pembeni ya kioo cha kompyuta. Hakuna mteja anayekitazama. Wote wanatazama namba kubwa.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni Msukuma wa Magu, ana duka la rangi za nyumba hapohapo Igogo. Sisi ni Wahaya wa Muleba. Utani wetu usiuulize! Kila akiniona ananiuliza nimeongeza cheti gani. "Ninyi Wahaya hata mkiugua mafua mnataka cheti," ananiambia. Namjibu kwamba yeye akipewa cheti atamlisha ng'ombe. Nilimpenda yule mtu kuliko baadhi ya kaka zangu wa kuzaliwa, na yeye alinipenda, jamani, alinipenda.

Alikuwa na gari la bluu la Kijapani. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa analibadilisha kidogo kidogo: leo turbo kubwa, baada ya miezi mitatu pampu ya mafuta, baadaye bomba la moshi. Mimi ndiye niliyeliseti. Kabla hata ya siku ya kupima akawa ameshatangaza kijiweni kwamba litatoa farasi mia tatu. Sikumwambia atangaze. Lakini nilijua halifiki huko, na sikumwambia anyamaze.

Jumamosi asubuhi akaja na wenzake watatu wa kijiwe. Nikakanyaga mafuta. Mia mbili thelathini na nane.

Ilikuwa namba nzuri! Namba ya gari lenye afya, mafuta yanatosha, injini haigongi hata kidogo. Ningekuwa mtu mzima ningesema hivyo mbele yao. Lakini mmoja, mwenye gari jeupe, akaguna. "Mia mbili na kitu? Na kelele zote zile?" Mwingine akadakia, "Mhaya amekuharibia gari, bwana." Wakacheka. Shemeji naye akacheka, huku anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe haikuwa na uchafu wowote.

Nikaona aibu. Yake na yangu, mpaka leo siwezi kuzitenganisha. Nikasema, "Injini ina joto. Nendeni mkanywe soda, lipoe, nirudie."

Walipotoka nikaandika hewa ya mlimani. Niliandika kana kwamba gereji yetu imehamia katikati ya Mlima Meru na mabati yake. Gari sikuligusa. Sikugeuza hata skrubu moja! Nikawaita, nikakanyaga, kompyuta ikajumlisha nilichoiambia ijumlishe. Mia tatu na moja.

Weee! Shemeji alinibeba juu. "Leo hata mimi Msukuma nataka cheti!" Nikachapa karatasi, nikaweka saini. Akaipeleka ikafunikwe nailoni ngumu, akaitundika dukani kwake juu ya makopo ya rangi.

Nikajiambia namba haimuumi mtu. Gari ni lilelile, barabara ni ileile, nani ameumia?

Haikupita muda wakaanza kuja. Wa Geita, wa Shinyanga, wa Musoma, wote wana turbo na wote wameisikia mia tatu na moja. Bosi akaniita pembeni. "Ile namba uliipataje?" Sikumficha. Nilidhani atanifokea, na kusema kweli nilitamani anifokee. Akatazama magari yaliyopanga foleni getini. "Basi turbo zote pima kwa hewa hiyohiyo," akasema. "Tukirudi chini sasa hivi, watasema mashine yetu mbovu."

Hivyo ndivyo nilivyojifungia chumbani mwenyewe, na bosi akachukua ufunguo. Kuacha kazi? Nilifikiria mara nyingi. Lakini fundi atakayekuja akimkatalia bosi, ataandika hewa ya kweli, magari yote yatashuka kwa siku moja, na kila karatasi iliyotoka pale ina saini yangu. Nikabaki.

Siku moja shemeji akashindana na lile gari jeupe, kwenye barabara ya kwenda Kigongo, mambo ambayo polisi hawayapendi na mimi siyatetei. Gari jeupe lilikuwa limepimwa Dar, lina mia mbili hamsini na tano. Kwenye karatasi la shemeji lilikuwa linalizidi kwa farasi arobaini na sita. Barabarani akaachwa mbali.

Hakukasirika. Alikuja gereji na tabasamu la mtu aliyepotewa na kitu. "Shem, hawa farasi wangu wengine wamekimbilia wapi?"

Hapo, ndugu yangu! Hapo Mungu alinifungulia mlango wote. Ningesema tu, "Hawakuwepo, shemeji, niliwaandika mimi." Angenitukana, angenitangaza mjini kote, na mambo yangeisha. Mimi nikasema, "Labda mafuta mabaya. Badilisha kituo."

Akabadilisha kituo. Hakuna kitu. Akabadilisha plagi. Hakuna kitu. Kisha akaacha kuniuliza, nadhani aliona ananisumbua. Kijiweni wakampa kivali kidogo cha kuzungusha kwa mkono, kile kinachopandisha presha ya turbo. Akakifunga mwenyewe. Akazungusha kidogo, akajaribu, akazungusha tena. Alikuwa anawatafuta farasi sitini na tatu ambao mimi niliwaumba kwa vidole.

Presha ikapanda, mafuta yakabaki yaleyale niliyoyaseti. Injini ya turbo ikikosa mafuta ya kutosha inajichoma kutoka ndani, na dereva hajui mpaka siku yake ifike.

Walikuwa wanatoka Sengerema kwenye mazishi ya mjomba wake, yeye na dada. Mchana kweupe. Wameshavuka ziwa pale Kigongo, wanakaribia Usagara, akaanza kulipita lori la pamba. Katikati ya kulipita, injini ikanoki. Nguvu zote zikakata, na mbele kuna basi linakuja! Shemeji akalitupa gari porini upande wa kulia. Yeye alitoka na michubuko. Dada alivunjika mtulinga, na bega halikurudi sawasawa. Mkono wa kulia haupandi kupita kifua.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwandiko wake ndio tuliokuwa tunajivunia nyumbani tangu utotoni. Sasa hivi anajifunza upya kuandika "a" kwa mkono wa kushoto, mbele ya watoto wanaojifunza naye.

Nilipofika hospitali nilimkuta shemeji kwenye benchi nje ya wodi. Akasimama. Akanishika mikono yote miwili. "Shem, nisamehe. Ulinitengenezea gari zuri, mimi nikalichezea. Nimekuvunjia dada yako."

Unajua nilijibu nini?

Nikasema, "Nimekusamehe."

Nimekusamehe! Mimi! Kwa mdomo huu huu ninaopokelea komunyo!

Na haikuishia pale. Wajomba walikuja na meli kutoka Bukoba, tukakaa kikao. Shemeji aliketi kwenye kigoda katikati ya sebule yake mwenyewe kama mshitakiwa. Mjomba mkubwa akamsema: mtu mzima na mke, unachezea gari kama mtoto? Alijibu kila swali kwa kusema, "Ni kweli, nimekosa." Mimi nilipewa kalamu niandike muhtasari, kwa sababu mwandiko wangu nao unasomeka. Nikaandika yote. "Mkwe wetu amekiri kosa lake." Mwisho nikaweka saini. Mama yetu, kule Muleba, mpaka leo hapokei simu ya shemeji.

Mara mbili nilitaka kusema. Mara ya kwanza jikoni kwa dada, nilianza, "Dada, kuna jambo kuhusu lile gari..." Akanikata. "Usimsemeseme mwenzako, mdogo wangu. Yametosha. Usiku halali vizuri." Alidhani nataka kumlaumu mumewe! Nikamenya ndizi zilizobaki.

Mara ya pili ndiyo ninayokuja kuiungama.

Ilipita miezi minane, shemeji akaweka injini nyingine. Akaja gereji, safari hii na dada, hakuna mtu wa kijiwe. Dada akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. "Kushindana nimeacha, shem," shemeji akaniambia. "Kivali nimeshatoa. Nataka tu kujua kama limerudi kama ulivyoliacha wewe. Likirudi pale, moyo wangu utatulia."

Nikalifunga mikanda. Nikaandika hewa ya kweli, nakuapia, nilianza na hewa ya kweli. Shemeji mwenyewe, kwenye usukani, akakanyaga. Mia mbili arobaini na moja. Lilikuwa limezidi la kwanza kwa farasi watatu!

Kioo cha kompyuta kilinielekea mimi peke yangu. Nikimsomea namba hiyo, atasikia kitu kimoja tu: bado umeliharibu. Na ili asisikie hivyo, lazima nimweleze karatasi ya kwanza. Na karatasi ya kwanza inaleta farasi waliopotea, na mafuta mabaya niliyoyasingizia, na benchi la hospitali, na kikao cha wajomba. Uzi mmoja, na nguo yote inafumuka, na dada amekaa pale ananitazama anatabasamu.

"Vipi, shem?" akauliza kutoka kwenye usukani.

Nikasema, "Subiri kidogo lipoe." Nikaandika hewa ya mlimani, nikamwambia akanyage tena.

Mia tatu na tano.

Shemeji aliweka kichwa kwenye usukani akalia kwa sauti, mwanaume mzima. "Wamerudi," akawa anasema. "Wamerudi wote." Dada akaja akanipiga begani kwa mkono wake wa kushoto. "Mungu akulipe, mdogo wangu."

Mungu anilipe! Naogopa hata kuitikia amina.

Karatasi mpya haikwenda dukani. Iko sebuleni kwao, imetundikwa pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kila Jumapili baada ya misa dada ananiita nikale, na mimi nimeshajua kiti kinachoipa mgongo ile karatasi. Shemeji ameanza tena kunitania kuhusu vyeti. Amenenepa kidogo. Analala.

Jumapili iliyopita nilifungua kabati lao kutafuta kijiko, nikakuta kile kivali kimefungwa kwenye gazeti. Hakukitupa. Siku akiachwa tena barabarani na gari lenye farasi wa kweli, unadhani atamtafuta nani mchawi? Atakifungua kile kigazeti. Najua, na bado nilikula, nikashukuru, nikaenda zangu.

Ndugu mnaopeleka magari kupimwa, msitazame namba kubwa peke yake. Ulizeni hewa imeandikwa ngapi. Ulizeni hata kama fundi ni shemeji yako, tena hapo uliza mara mbili. Na mafundi wenzangu, namba ndogo ya kweli ni aibu ya dakika tano. Mteja atanuna, kijiwe kitacheka, jioni wote wameshasahau.

Na wewe usiye na gari wala habari nalo, chukua hili moja. Mtu akikushika mikono akakuomba msamaha kwa kosa ulilolitenda wewe, usimsamehe! Mwambie palepale, kwenye benchi hilohilo, kabla hajaachia mikono yako. Mimi nilimsamehe, na tangu siku ile sijapata pa kupitia nikamwombe yeye.