Salamu Maria Tatu kwa Ngoma Kubwa

Siku ile tulikuwepo mimi Masika, kifungua mimba. Mdogo wangu Kambale, aliyepiga ngoma kubwa. Kavugho, wa mwisho wetu, wa miaka sita. Mwalimu Alfonsi, aliyetufundisha fanfari, bendi yetu ya ngoma. Watoto kumi na wanne wa parokia yetu ya Butembo, ambao nikiwataja wote nitawachosha. Na watu wawili wa Beni, Mama Zawadi na mwanawe Eli. Nimewataja kwanza kwa sababu nataka kila mmoja ahesabiwe kabla sijaanza.

Juzi jirani yangu alikuwa akikausha ngozi ya mbuzi karibu na mbabula, jiko lake la makaa. Harufu ikaruka ukuta, nusu nyama, nusu nywele zilizoungua. Nilikuwa namenya viazi. Kisu kikabaki kimesimama katikati ya kiazi, na mimi nikakaa chini kwenye maganda.

Fanfari yetu ilikuwa maskini lakini ilijipenda. Ngoma ndogo zilikuwa za mabati, na ile kubwa ilikuwa pipa la mafuta lililokatwa, likavikwa ngozi pande zote mbili. Butembo ni baridi. Asubuhi ukungu unaingia hadi chini ya kitanda, na ngozi ya ngoma inalegea kama nguo iliyolowa. Ukiipiga inasema *pufu*. Kwa hiyo kila mazoezi yalianza kwa moto, na moto ulikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekwisha kuacha shule tangu mama alipomfuata baba, nauza viazi na vitunguu sokoni, na makaa nilikuwa nayajua kuliko hesabu. Niliielekeza ngozi kwenye mbabula, nikasali Salamu Maria tatu upande huu, tatu upande ule, bila kukimbia. Nikimaliza, ngoma inalia hadi kanisani. Sala mbili zilikuwa chache, nne zilikuwa nyingi. Watoto walinicheka, wakiniita "Mama Salamu," lakini hakuna aliyethubutu kuipasha bila mimi.

Likizo kubwa ya mwaka ule parokia yetu ilialikwa Beni kwenye mashindano ya fanfari. Mwalimu Alfonsi akaniambia nije, kupika na kupasha ngoma. Nikamjibu kwamba sitaki kwenda bila Kavugho. Hapo ndipo shangazi yetu wa Kanyabayonga alipoingia. Tangu msiba alikuwa akimtaka Kavugho akamlee kwake. Alipanda Butembo makusudi, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mutoto hachungake batoto," alisema. "Wende, sikukatazi. Lakini nitakuwa hapa siku ya kurudi. Nikiona mutoto ana kidonda kimoja tu, namubeba. Siku ile ile."

"Atarudi muzima, Tantine."

"Tutaona."

Mama alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema tusiachane, sisi watatu. Hakusema tufanye nini ili tusiachane. Hilo aliniachia mimi.

Tukashuka kwa lori la parokia, ngoma katikati na sisi pembeni. Kila mlima tulioushuka ulituvua sweta moja. Kwenye kizuizi, askari mmoja aliyetoka mbali alizunguka lori, akaigonga ngoma kubwa kwa kidole. "Beta mbonda!" akasema kwa Kilingala, yaani piga ngoma. Kambale akapiga, na yule askari akacheza barabarani, bunduki ikimgonga mgongoni, hadi mkubwa wake alipomwita. Tulicheka hadi mjini.

Na Beni ilitupendeza, niwaambie ukweli. Joto lake lilitushangaza. Jioni watu walikaa nje mikono wazi, na sisi tuliobeba mablanketi tukaona haya. Pikipiki zilikuwa nyingi kama nzige. Tulinunuliwa sukre baridi, yaani soda, nayo Kavugho akaipulizia kwanza, kama chai. Tulilazwa katika familia za parokia, na sisi watatu tukapewa Mama Zawadi, mwanamke mnene wa sauti ndogo, mwenye shamba la kakao upande wa Oicha. Uani kwake kakao ilikuwa imeanikwa kwenye turubai. Alitupasulia tunda bichi, tukafyonza ule utelezi mweupe, mtamu kama peremende. Kambale, kwa pupa, akatafuna na mbegu. Uso wake ukakunjamana.

"Sokola iko wapi sasa?" akauliza, kwani aliambiwa kakao ndiyo chokoleti.

"Iko Ulaya," Eli akamjibu, naye alikuwa na miaka sita tu. "Sisi tunabakiaka na uchungu."

Mama Zawadi alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge.

Mashindano yalikuwa Jumapili baada ya misa, katika uwanja wa shule moja. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Zamu yetu ilikuwa ya nne, saa sita kamili, jua likiwa kichwani. Fanfari ya tatu ilipomaliza na mapumziko kuanza, nilikwenda kwenye kona ya darasa, nikawasha mbabula yangu kama siku zote.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Nilipoitoa ngoma kubwa kwenye kitambaa, kidole changu kiliigusa, nayo ikalia. Ilikuwa imekwisha kukazwa na jua la Beni. Niliisikia. Lakini mkono una mazoea kuliko sikio. Nikaielekeza kwenye moto nikaanza Salamu Maria ya kwanza. Kavugho alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, akienda bombani na kikombe. Nikaanza ya pili. Sijafika amina.

Ngozi ilipasuka kwa mlio ambao sikujua kwamba ngoma inao. Pipa likaukuza, ukuta wa darasa ukaurudisha.

Na uwanja mzima ukalala chini.

Sijui niseme vipi ili muone. Haikuwa kukimbia, haikuwa kelele. Watu mamia kwa mamia walikuwa wamesimama, halafu hakuna aliyesimama, kama majani yanapopitiwa na panga. Akina mama wa nguo za misa walikuwa wamelaza uso kwenye vumbi. Watoto wadogo wa Beni walilala kifudifudi, viganja masikioni, midomo wazi, bila hata mmoja kulia. Waliobaki wima walikuwa ni sisi, watoto wa Butembo, tukitazamana kama mbuzi waliofunguliwa.

Nami nilikuwa naitazama ngoma. Nilikuwa nimeikumbatia, natazama ule mpasuko, nafikiri: Kambale atapiga nini? Sikumtafuta Kavugho. Nilipokumbuka kugeuka, bombani palikuwa na kitenge cha Mama Zawadi, na chini ya kitenge, kandambili moja ya mdogo wangu.

Bado nilikuwa nimeikumbatia ngoma.

Kisha mtu mmoja wa kwenye ukuta akapaza sauti: "Ni ngoma! Ni ngoma tu!" Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijipangusa. Wengine wakacheka kicheko kibaya. Mzee mmoja akatupigia kelele: "Ba Butembo! Munatuletea vita ndani ya fanfari?" Mama Zawadi akajiinua kwa viwiko. Kavugho akatoka chini yake akiwa na udongo kwenye nywele, kikombe bado mkononi, akashangaa maji yamekwenda wapi.

Eli alikuwa amelala peke yake, karibu na mahali mama yake alipokuwa amekaa. Mama Zawadi alikuwa amempita ili amfikie Kavugho. Mtoto akaja polepole, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, juu ya nini umemulalia ye, mimi umeniacha?"

"Weye unajuaka kulala," mama yake akamjibu, akimpangusa magoti. "Uyu hapana."

Mwalimu Alfonsi akafika mbio, shati limetoka kwenye suruali. Alitazama ngoma, akanitazama mimi. "Masika, ni nini imefanyika?"

Nilimwona Mama Zawadi ananitazama. Nikamwona shangazi mlangoni kwetu, akilini tu, maana yeye alikuwa mbali. "Imepasuka yenyewe, Mwalimu," nikasema. "Juu ya joto ya jua." Na mguu wangu ukaisukuma mbabula nyuma ya ukuta.

Mama Zawadi akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi, pole, mutoto wangu," akaniambia. Mimi ndiye niliyepewa pole.

Fanfari ya Beni, wenyeji wetu na washindani wetu, walituazima ngoma yao kubwa. Mpigaji wao alimfunga Kambale mikanda begani na kumtania: "Hii hapana pasuka, ni ya joto." Kambale alipiga kama mtu anayegombana. Tukawa wa pili. Tulipewa mpira mpya wa miguu, na njia nzima ya kurudi watoto waliubusu kama mtoto mchanga. Mimi sikuugusa.

Shangazi alikuwa mlangoni kama alivyosema. Alimvua Kavugho nguo uani, akamgeuza mbele na nyuma, akapapasa kichwa, akatazama kucha. Hakupata hata mkwaruzo. "Kweli, unaweza," akaniambia, tena kwa heshima, akachukua kapu lake. Kesho yake akarudi Kanyabayonga. Sisi watatu hatukuachana, hadi Kambale alipooa.

Miaka mingi nilimsimulia kila mtu ile siku kama kichekesho: ngoma ilivyolaza Beni nzima. Watu wa Butembo walicheka, na mimi nikacheka nao. Halafu wakimbizi wa upande wa Oicha wakaanza kupanga vyumba katika mtaa wetu. Mama mmoja alinieleza, huku tukichambua sombe, majani ya mihogo, kwamba mtoto hufundishwa kufungua mdomo ili mlio wa bomu usimpasue masikio. Alisema hivyo kama anayeeleza namna ya kufunga mtoto mgongoni. Nilijifanya natafuta chumvi, nikaingia ndani. Eli alikuwa na miaka sita, na alikuwa amekwisha kufundishwa akaelewa. Mama Zawadi aliyakimbilia yale aliyoyafikiri ni risasi, akampita mwanawe aliyemzaa, akamfunika wangu. Kila neno la sifa nililopewa na shangazi lilikuwa lake.

Nimerudi Beni mara tatu. Katika nyumba ile wanakaa watu wengine. Mmoja aliniambia shamba liliachwa, mwingine kwamba amemwona Mama Zawadi Oicha akiwa na kijana mrefu. Kavugho sasa ana miaka kumi na sita, ananipita kwa kimo, na kovu hana. Nikisikia kuna wakimbizi wapya wamefika, namwita tunakwenda pamoja, namuulizia Mama Zawadi kwa jina. Nikimpata nitamweka Kavugho mbele yake, na nitamwambia kwamba ni mimi niliyewasha ule moto. Hata Kavugho bado sijamwambia.